Sinagogi ya Wareno Amsterdam, nendeni ila bebeni jaketi

Jamani jina lisiwachanganye. Mi mtu wa Mombasa, kuona imeandikwa sinagogi ya Wareno nikajisemea khaa, hawa watu wa Fort Jesus wamenifuata mpaka Uholanzi? Kumbe walioijenga ni Wayahudi waliowakimbia haohao. Mwaka 1497 mfalme wa Ureno aliwabatiza kwa nguvu, baadaye ikaja mahakama ya kanisa ya kumsaka yeyote anayeswali Kiyahudi kwa kujificha, ukishikwa unaweza kuchomwa moto. Sasa miaka ileile Wareno wanapandisha kuta za Fort Jesus, 1593 na kuendelea, ndo hawa nao wanaanza kuingia Amsterdam na majina yao ya Kikristo, wengi hata sala zenyewe hawazijui maana karibu miaka 100 imepita, ikabidi waletewe marabi kutoka nje wawafundishe upya dini ya babu zao. Watu wazima hao, wanaanza na alifu.

Jengo lilifunguliwa 1675 na ule ukumbi mkubwa mpaka leo hauna umeme wala hita. Mwanga wa usiku ni mishumaa kama 1000, mingi iko kwenye vinara vikubwa vya shaba vinavyoning'inia, na kabati la Torati ni la mti wa jakaranda ulotoka Brazil. Ila kilichoniua mimi ni mchanga! Sakafu ya mbao imemwagiwa mchanga laini wa kunyonya vumbi na unyevu wa viatu na kupunguza kelele za nyayo, unatembea unasikia chrr chrr, nikakumbuka uani kwa bibi Likoni asubuhi kabla hajafagia.

Wale wa Spinoza, yule mwanafalsafa Myahudi wa Amsterdam, msihangaike kutafuta alipokaa, Wayahudi wenzake walimtenga 1656, hili jengo bado. Kijana wa miaka 23 tu. Na mi naona hilo ni doa, wamekimbia kusakwa kwa ajili ya imani halafu na wao wanamfukuza wa kwao.

Wanazi walipokuja jengo halikuvunjwa, lakini karibu robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa, kwa hiyo ukiangalia vile viti virefu vya mbao vitupu mchana ule, we acha tu. Bado wanaswali hapo, na dua ya kuwaombea wafalme wa Uholanzi inasomwa kwa Kireno hadi leo, lugha ya waliowafukuza!

Jumamosi hakuna kutembelea, hiyo siku yao ya ibada. Wanaume mnafunika kichwa, mi nilikuwa na kofia yangu ya vito basi nikapita nayo. Tiketi inakuingiza na makumbusho ya Kiyahudi ng'ambo ya barabara. Uani kuna maktaba yao, Ets Haim, ya tangu 1616. Nilienda Januari na kishati chepesi, kosa langu, meno yaligongana mpaka mlinzi akacheka. Nyota 5, na nikipata usiku wa muziki wa mishumaa narudi, safari hii na koti.