Kibanda cha wanafunzi, siku ya jamii shuleni, Langoni, Lamu

Nyota nne. Mahamri yalikuwa ya moto, yananukia iliki, na mbaazi zimekolea tui. Lakini walionifurahisha zaidi ni watoto wenyewe. Msichana wa gredi ya sita aliwanawisha wazee mikono kwa birika, kila mmoja akimwamkia shikamoo kwanza. Mvulana wa kwenye meza ya pesa alihesabu chenji mara mbili mbele yangu ndipo akanikabidhi. Na hakuna anayelipwa, jamani! Mtaala wa umilisi (CBC) wa shule zetu za Kenya unataka mwanafunzi ajifunze kwa kuhudumia jamii. Hapa nimeuona ukifanya kazi.

Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya foleni ya juani, turubai halikutosha. Mwakani fungeni la pili, na viazi karai viongezwe, maana viliisha kabla ya adhuhuri.