Seti ya redio ya ndege niliyojiungia mwenyewe: ndege nimezisikia, ila taarabu ilitangulia

Nimeinunua kwa muuza vifaa vya elektroniki wa Kariakoo, akaipakia kwenye basi, nikaifuata stendi hapa Tanga jioni yake. Elfu 65 pamoja na nauli ya mzigo. Ndani mna bodi tupu, kifuko cha rizista na kapasita, aisii mbili (vipande vyeusi vyenye saketi nzima ndani), koili, spika ndogo na karatasi moja ya maelekezo ambayo nusu yake ni Kichina. Kasha hakuna.

Kwa asiyejua, redio zetu za FM zinaishia 108. Marubani wako juu ya hapo, kuanzia 118 hadi karibu na 137 megahezi, tena wanaongea kwa AM. Si ushamba. Kwenye FM, wawili wakibonyeza pamoja, mwenye nguvu anamfunika mwenzake hata hujui kama alikuwepo. Kwenye AM unatokea mluzi wa kuudhi, na anayeongoza ndege anajua kuna mwingine anaita.

Kulehemu kulinichukua usiku mbili. Wa kwanza niliuharibu mwenyewe kwa kukaa chini ya taa ya sebuleni, ile ya mwanga wa njano. Rizista husomwa kwa mistari ya rangi: yenye kahawia, nyeusi na nyekundu ni kilo-omu 1. Ya kahawia, nyeusi na chungwa ni 10. Chini ya taa ile, nyekundu na chungwa ni ndugu wa tumbo moja. Nikazibadilisha mbili. Kuzipachika ni dakika, kuzichomoa ndiko kulikonitoa jasho: nilikawiza chuma cha moto, kijiduara cha shaba kikabanduka kwenye bodi kikaja na mguu wa rizista. Ikabidi niunge kijiwaya pembeni. Pima kila rizista kwa mita kabla hujaipachika, hata kama macho yako unayaamini.

Nikawasha. Ikakoroma vizuri, nikazungusha kitufe taratibu, na mara taarabu! Imekwaruzika, lakini taarabu. Kesho yake nikaibeba kwa mzee mmoja fundi redio Ngamiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inakoroma?"

"Inakoroma, ila inaleta taarabu badala ya ndege."

Akacheka. "Basi ni nzima hiyo. Ikinyamaza ndiyo uje na sanda."

Alichonieleza karatasi haikukitaja kabisa, na hapo ndipo ninapowalaumu waliotengeneza seti. Redio hii inachanganya mawimbi ya eriali na yake ya ndani, inabakiza tofauti ya megahezi 10.7. Ya ndani yanakaa chini: ukitaka 118, yanakuwa 107.3. Sasa kituo cha FM kilichopo 96.6 nacho kinatofautiana na 107.3 kwa 10.7 ileile. Kizuizi cha kukifukuza ni koili za mlangoni, pale mawimbi ya eriali yanapoingilia, na koili hizo zinakuja hazijapangwa. Bila kuzipanga umenunua redio ya FM mbovu.

Kuzipanga kunataka subira. Bisibisi ya chuma haifai, kwa sababu ukiisogeza tu koili inabadilika, ukiiondoa inarudi ilikokuwa. Mzee alichukua kijiti cha mshikaki, akakichonga ncha bapa, akanipa. Koili zenye kiini unazizungusha kidogo kidogo. Zile za waya mtupu unatanua mizunguko yake kwa kijiti, masafa yanapanda, unaibana, yanashuka. Nilikaa nayo uani Makorora Jumamosi nzima mpaka taarabu ikafifia. Haijaisha, usiku bado inachungulia.

Eriali ya seti nimeitupa. Nimekata waya wa sentimita 60, robo ya urefu wa wimbi, nikausimamisha juu ya paa.

Jumatatu asubuhi nikasikia sauti ya rubani, safi, karibu kama yuko kibarazani. Nikatoka mbio, na kweli, kindege kidogo kinapanda kuelekea upande wa Pemba. Nilirudi ndani nikiwa natabasamu peke yangu kama mtoto.

Usitegemee kusikia mnara wa kuongozea ndege wa Dar, lakini. Masafa haya yanakwenda kwa kuonana, na mnara uko chini, mbali, nyuma ya upeo. Ndege iliyo futi 35,000 inakufikia hata ikiwa zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo ni kama kumsikiliza mtu anayeongea na simu: upande mmoja tu. Afadhali sheria inamtaka rubani arudie maagizo aliyopewa, ukizoea unajua aliambiwa nini. Kiingereza chao ni cha haraka, tisa wanaiita "naina", na "tatu tano sifuri" ni hizo futi 35,000. Ndege zenye namba ya usajili inayoanza na 5H ni za kwetu, 5Y za Kenya.

Ningeinunua tena? Mimi ndiyo, kwa sababu nilitaka kujua inavyofanya kazi. Anayetaka kusikiliza tu anunue iliyokwisha kuundwa, atapumzika. Na yule betri ya boksi ya volti 9 msimwamini: jioni mbili tu, spika inaanza kulia kama mbu. Nimefunga betri ndogo sita mfululizo, na bodi nimeiweka kwenye kopo la biskuti.