Dau la Pascal au utulivu wa Epicurus?

Ukiwa na shaka kuhusu maisha baada ya kifo, njia mbili hukuvuta. Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, alishauri ubahatishe kama mcheza kamari anayeweka dau, uishi kana kwamba Mungu yupo: akiwepo, umepata uzima wa milele, asipokuwepo, hasara ni ndogo. Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 270 KK, alifundisha kwamba tukiwapo kifo hakipo, nacho kikija sisi hatupo. Hofu ya nini, basi?

Dau lina uzito, ila imani haiji kwa hesabu (Pascal alilijua hilo, akahimiza ibada ziizoeze nafsi). Mimi naegemea kwa Epicurus, hasa usiku ninapomgeuza mgonjwa kitandani na kumlowesha midomo. Kazi hiyo haingojei jibu. Lakini kwa uchungu wa kufiwa, Epicurus hanitoshi.