Uzoefu wangu: Miezi mitatu Grenada, kisiwa cha kungumanga

Kabla ya yote, kagua tiketi yako. Nazungumzia Grenada ya Karibi, inayotamkwa "Greneida", si Granada ya Hispania. Kuna abiria waliokata tiketi bila kuangalia herufi moja wakajikuta upande mwingine wa bahari.

Nilikaa huko kuanzia katikati ya Januari hadi katikati ya Aprili 2025, mume wangu alipopata mkataba mfupi wa kazi. Tunaishi Toronto, ila mimi nimezaliwa Kizimbani, Unguja, na nimekua katikati ya mikarafuu na midalasini. Nchi iliyochora kungumanga kwenye bendera yake ilinivuta hata kabla sijaiona. Ni nchi ndogo: kilomita za mraba 344, ukijumlisha na visiwa vya Carriacou na Petite Martinique. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara nne. Lakini usidanganywe na ramani, kwa sababu barabara zinapanda milima na kujikunja kama nyoka, na safari inayoonekana ya dakika kumi inaweza kula saa nzima.

Wageni wengi hushuka melini asubuhi, wakaenda ufukwe wa Grand Anse, jioni wakaondoka. Grand Anse ni pazuri kweli, mchanga mweupe wa karibu kilomita tatu na maji yametulia. Ila mtu aliyewahi kuogelea Nungwi au Jambiani hana sababu ya kuvuka Atlantiki kwa ajili ya mchanga mweupe. Nenda jioni moja, oga, kisha kipe kisiwa chenyewe siku zako zilizobaki.

Na ukizunguke kwa basi. Mabasi yao ni Hiace, zilezile tunazozijua, zina konda, zina muziki mkubwa, na kila moja ina namba ya njia kwenye kioo cha mbele. Namba 1 inakwenda Grand Anse, namba 5 inafuata pwani ya magharibi kwenda Gouyave. Stendi kuu iko St. George's, mji mkuu, karibu na bahari. Ukiingia, salimia gari zima ndipo ukae. Siku yangu ya kwanza niliingia kimya kama nilivyozoea kwenye treni za Toronto, na mama mmoja mtu mzima akanigeukia akanisalimia yeye, polepole, kama anayemkumbusha mtoto. Niliona aibu, maana hata kwetu ukiingia daladala la shamba bila salamu wazee watakuuliza umelelewa wapi. Ukitaka kushuka, gonga bodi la gari kwa vifundo vya vidole. Jumapili mabasi ni machache mno, usipange safari ya mbali.

Gouyave ndiko nilikorudi mara tano. Ni mji wa wavuvi, na kando ya barabara kuna jengo kuu la zamani la ghorofa, kituo cha ushirika wa wakulima wa kungumanga. Unalipa kiingilio kidogo, mfanyakazi anakutembeza. Harufu inakupokea mlangoni: kali, tamu, na ndani yake kuna kitu kama mbao mpya. Juu kuna machano marefu ya mbao ambapo kungumanga zenye maganda hukaushwa kwa wiki kadhaa kivulini. Chini, baada ya kuvunjwa maganda, zinamwagwa kwenye maji. Nzito zinazama, hizo ndizo za jikoni. Nyepesi zinazoelea hazitupwi, zinakwenda kukamuliwa mafuta. Halafu kuna wanawake wanaochambua kwa mkono. Nilisimama nyuma ya mmoja wao, bibi wa miaka sitini na kitu, vidole vyake vinakwenda bila yeye kuangalia. Aliniwekea mbili kiganjani, akaniambia nichague iliyo nzima. Kwangu zilikuwa sawa. Akaigeuza moja: chini yake palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Mdudu. Akaitupa pembeni akaendelea na kazi.

Nilipomwambia kwetu pia tunalima kungumanga, na basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka, tunaiita kwa jina lake, aliniuliza swali moja tu: "Na nyie mlipigwa na Ivan?" Huko kila mtu anahesabu miaka kwa kimbunga hicho. Septemba 2004 Ivan alipita akang'oa sehemu kubwa ya mikungumanga ya nchi nzima, na mti huu ukipandwa leo hauzai kesho, unasubiriwa miaka mingi. Wapo wakulima walioamua kutopanda tena, wakageukia kokoa. Ukitembea mashambani utaona mingi ni michanga, na sababu ni hiyo. Jambo moja nimewaonea wivu: nyama ya tunda, ile ya njano ambayo nyumbani tuliiacha chini ya mti, wao wanaipika jemu na sharubati. Nimenunua chupa nne za jemu.

Ijumaa jioni Gouyave huwa na gulio la samaki, mtaa mzima majiko. Kamba wa kukaanga, jodari wa kuchoma, na kwa bei ambayo Grand Anse huipati.

Nizungumzie chakula chao kikuu, kinachoitwa oil down, kwa sababu ndicho kilichonitoa machozi. Ni shelisheli! Shelisheli linapikwa kwa tui zito, binzari, majani ya majimbi na vidonge vya unga, sufuria haikorogwi, mpaka tui likauke na mafuta yatue chini. Mama yangu anapika shelisheli la nazi vile vile, tofauti ni kwamba yeye haweki majani. Lakini Waislamu wenzangu sikilizeni: kwa kawaida ndani yake huwa na mkia wa nguruwe wa chumvi, na hauonekani kwa urahisi. Uliza kabla hujapakuliwa. Wapo wanaopika kwa samaki wa chumvi au kuku, na jirani yetu alipojua alitupikia sufuria yetu peke yetu.

Kuna sehemu nyingine nitazipitia haraka. Sanamu za chini ya bahari pale Molinere, zilizoanza kuzamishwa 2006, zinaonekana kwa miwani na mrija tu. Duara la watoto walioshikana mikono ndilo litakalokukaa moyoni. Kwenye msitu wa Grand Etang kuna ziwa lililojaa kwenye shimo la volkano, na kima ambao mababu zao waliletwa kutoka Afrika Magharibi enzi za meli za watumwa. Usiwalishe. Kiwanda cha ramu cha River Antoine, cha tangu 1785, bado kinakamua miwa kwa gurudumu la maji. Mimi situmii kileo, nilikwenda kuliona gurudumu, na sikujuta. Aprili, ufukwe wa Levera, tuliona usiku kasa mkubwa mno ambaye mgongo wake ni ngozi badala ya gamba, akichimba shimo la mayai kwa mapezi ya nyuma. Huruhusiwi kwenda bila mwongozaji, na taa ni nyekundu tu. Pumzi yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyebeba gunia.

Ukikaa bandarini St. George's utaona ngome juu ya kilima. Ndipo Waziri Mkuu Maurice Bishop na wenzake walipopigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1983, siku sita kabla majeshi ya Marekani hayajaingia. Miili yao haijapatikana mpaka leo. Wazee huko wana majeraha na jambo hili, kwa hiyo usilianzishe wewe. Waache waanze wao.

Sasa kasoro. Nyumba tuliyopanga ilitangazwa kuwa na maji saa zote, na kufika Machi, kiangazi kikiwa kimeshika, mabomba yalikuwa yanakauka siku mbili tatu kwa wiki. Mwenye nyumba hakuwa na tenki. Ukipanga kipindi hicho, omba picha ya tenki kabla ya kulipa. Pili, dola. Dola yao ni ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Dereva wa teksi alitutajia "arobaini", mimi nikahesabu kwa zao, tulipofika akadai za Marekani. Kila bei, uliza dola ipi. Tatu, dukani vitu ni ghali kwani vingi vinaagizwa nje. Jumamosi alfajiri nenda sokoni St. George's. Plagi ni za pini tatu za mraba kama za Tanzania.

Carriacou tulikwenda kwa boti Februari. Kimbunga Beryl kilikuwa kimeipiga tarehe 1 Julai 2024, na bado paa nyingi zilikuwa turubai. Hata hivyo kule Windward nilikuta fundi anachonga mbavu za mashua ufukweni, bila mchoro, kwa jicho tu. Nendeni, laleni huko, nunueni kwao. Fedha inahitajika.

Kungumanga za kubeba nunua zenye ganda. Itikise karibu na sikio: ikigonga ndani, imekauka. Za kwangu nilimpelekea mama kwa mtu aliyekuwa anakwenda Unguja. Alizitikisa moja moja kwenye simu mbele yangu, zote kumi na mbili, ndipo akasema tatu za kwanza ni za uji wa Ramadhani.