Miezi mitano na madam wa aljebra kwa WhatsApp

Mimi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro. Nikipanda na wageni kwa njia ya Marangu sionekani nyumbani siku tano au sita, Machame hata saba, na hesabu iliyobaki kichwani mwangu ni ya mchele, mayai na gesi. Kwa hiyo binti yangu alipoingia kidato cha kwanza hapa Moshi akaanza kuniletea maswali yenye x na y, nilikuwa namwambia, "Muulize mama." Mama yake anamwambia, "Msubiri baba."

Mwisho wa mwaka hisabati akapata 18.

Tulijaribu njia mbili kabla ya hii ninayoisifia. Ya kwanza ni tuisheni ya jioni, shilingi 500 kwa siku, watoto zaidi ya hamsini kwenye chumba kimoja. Mwalimu anajaza ubao, watoto wananakili, wanarudi nyumbani. Sina la kuongeza.

Ya pili ni programu ya simu ya kupiga picha swali. Hiyo ilinidanganya mimi mwenyewe. Unaelekeza kamera kwenye daftari, kufumba na kufumbua jibu hilo, na hatua zake zote kwa Kiingereza. Wiki tatu homuweki zikarudi zimejaa vema. Nikatamba mtaani. Likaja jaribio la darasani, simu ikabaki nyumbani, mtoto akarudi na 21. Baadaye nilipokagua daftari nikakuta swali moja alama yake ya kutoa ilikuwa imefifia, kamera haikuiona, programu ikafanya swali jingine kabisa, tena kwa ufasaha, na binti akanakili mpaka mstari wa mwisho.

Huyu madam tulielekezwa na jirani. Amemaliza chuo cha ualimu, anasubiri ajira. Malipo ni 25,000 kwa mwezi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja mpaka saa tatu usiku. Mtoto anapiga picha homuweki anatuma WhatsApp, madam anajibu kwa ujumbe wa sauti. Sharti lake ni moja na halina huruma: utume ulichojaribu, hata kama umekosea. Ukituma swali tupu, anakujibu, "Nimeona swali. Wewe uko wapi?" Wiki ya kwanza binti alilia. Mama yake alitaka tudai hela yetu.

Kilichonibadilisha mawazo ni swali moja, nalikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa naye mezani: 5x − 2(x − 3) = 18. Binti alifungua mabano akaandika 5x − 2x − 6, akapata 3x = 24, x ni 8. Mimi nikaona limekaa vizuri. Madam hakusema ni kosa. Alisema, "Chukua hiyo 8, irudishe kwenye swali palipo na x, uniambie umepata nini." Binti akafanya: 40, toa mara mbili ya 5, ni 30. Swali linataka 18. Kimya. Kisha madam: "Ile 2 ina alama ya kutoa mbele yake. Ikiingia kwenye mabano inaingia na alama yake, haiiachi mlangoni. Na aliyemo ndani ni hasi 3. Hasi kwa hasi?" Chanya 6. Basi 3x ni 12, x ni 4. Akairudisha 4 mwenyewe bila kuambiwa: 20 toa 2, 18. Siku hiyo ndiyo nilijua tunalipia nini. Tangu hapo hahitaji mtu wa kumwambia amepata au amekosa, na ugomvi wa usiku umepungua nyumbani.

Jambo jingine ambalo sisi wazazi hatulioni ni lugha. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, akaijua MAGAZIJUTO kama wimbo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kufika sekondari, kwa Kiingereza, inaitwa BODMAS, na mtoto wangu alidhani ni kanuni nyingine ya kukariri upya! Maswali ya maneno ndiyo yalikuwa yakimmaliza. "Five less than twice a number" yeye alikuwa akiandika 5 − 2x, kwa kufuata maneno yalivyopangana. Madam alimfanya kila swali la namna hiyo alisimulie kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, ndipo aandike: mara mbili ya namba, ukipunguza tano. 2x − 5. Nadhani nusu ya hesabu alizokuwa akifeli hazikuwa hesabu.

Mwezi wa Mei nilikuwa kambi ya Horombo, mita 3,720, wageni wamelala. Intaneti ipo pale tangu 2022, binti akanitumia swali ambalo madam amemtungia baada ya kusikia kazi yangu: mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, amebeba mifuko mitatu yenye uzito unaolingana, pamoja na jiko la kilo 2, mizani ya getini imesoma kilo 20, kila mfuko kilo ngapi? Niliwasomea wagumu jikoni, wakaanza kubishana kuhusu jiko gani hilo la kilo 2. Nikampigia binti. "Baba, si unatoa jiko kwanza? Zinabaki 18. Gawa kwa tatu." Sasa nyumbani mtu akikwama kwenye chochote anaambiwa atoe jiko kwanza.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika kwake majibu yanakuja saa nne, mtoto amelala. Jumbe zake za sauti ni ndefu, nyingine dakika sita, bando linaisha kabla ya wiki. Maumbo na grafu kwa sauti hayaeleweki, hapo anatuma picha ya karatasi aliyochora na bado binti anahangaika. Sehemu zenye x chini ya mstari binti hajaziweza hadi leo. Na kama mtoto wako anataka jibu tu awahi kulala, msigombane bure, huduma hii si yake.

Mtihani wa Juni alipata 47. Upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Madam ametangaza kwamba kuanzia mwezi ujao ni 30,000, mama yake amenuna kidogo, nami nimeshamlipa ya safari hii kabla ya kupanda.