Ziara za kiangazi za klabu ya bustani: nyota nne, ya tano wataipata wakibadilisha saa

Nimemaliza msimu mzima na klabu ya bustani, ziara sita, nne kwenye bustani za watu majumbani kwao na mbili kwenye vitalu vya wakuzaji, na kwa vile kila nikikutana na mtu ananiuliza kama inafaa kujiunga basi ngoja niseme yote kwa mpigo.

Naanza na kitalu cha kwanza maana hapo ndo nilipofunguka macho. Hakikuwa kitalu cha kujionyesha, nyavu za kivuli zimechanika chanika, makopo yamepangwa hadi njiani, lakini yule mzee mwenye kitalu alituita mezani kwake akachukua tawi la jeraniamu akakata chini kidogo tu ya kifundo, pale jani linapochomoza, akang'oa majani ya chini akabakiza mawili matatu juu na maua yote akatoa, halafu akachomeka pembeni ya kopo, sio katikati, kwenye mboji iliyochanganywa na mchanga. Nikasubiri achukue mfuko wa plastiki afunike. Hakufunika! Nikamuuliza, mzee mbona hufuniki, akacheka, akasema fuksia utafunika sawa, jeraniamu ukiifunika unaiozesha, yenyewe haipendi unyevu wa kufungiwa. Jamani, miaka yote mi nafunika, shina linageuka jeusi kuanzia chini linalala, halafu nalaumu udongo.

Mzee huyo huyo alitufundisha kununua mche kwa kuugeuza kopo chini juu badala ya kushangaa ua. Akautoa mmoja uliokuwa umechanua vizuri kweli, mizizi imejizungusha ndani ya kopo kama kamba ya nanga, akasema huu ukiupanda hivi hivi mizizi itaendelea kuzunguka hapo hapo, lazima uichambue kwanza, ndo uchimbie. Wangapi tunanunua kwa macho tu? Kitalu cha pili kikubwa, mitambo ya kunyunyizia inajiwasha yenyewe, kijana anayetutembeza muda wote yuko kwenye simu. Tuendelee.

Bustani za majumbani sasa. Ile kubwa iliyosifiwa kwenye ratiba kuliko zote ndo iliyonichosha, majani yamekatwa kama zulia, usikanyage hapa usiguse pale, mwenyewe hayupo. Kulikuwa na haidrenjia mbili, moja ya bluu nyingine ya pinki, watu wanapiga picha wee na hakuna wa kuuliza kwa nini. Mwanachama mmoja wa zamani ndo akatuambia kwenye basi kwamba ni udongo, ukiwa na asidi mmea unavuta aluminiamu na ua linakuwa bluu, asidi ikipungua linarudi pinki, ila nyeupe usijisumbue, haigeuki bluu hata ufanyeje.

Kinyume chake kile kibustani kidogo cha uani, mama mwenye nyumba alitupeleka moja kwa moja kwenye lundo la mboji kabla hata hatujaona ua, akaniambia ingiza mkono, nikaingiza nikautoa haraka maana ndani kulikuwa na moto kweli kweli, na harufu sio ya uozo, ni ya udongo ulionyeshewa. Halafu akatuonyesha waridi lake lenye madoa meusi, hakulificha. Anaokota majani yote yaliyodondoka maana ugonjwa unabaki humo, na anamwagilia shinani asubuhi, majani hayalowi. Tulikaa pale mpaka dereva akapiga honi.

Sasa malalamiko. Kwanza saa. Nani anapanga ziara ya bustani saa saba mchana wa kiangazi? Majani yamelegea, sisi wenyewe tumelegea, hata nyuki wamepungua. Pili tunakuwa wengi mno, watu thelathini na kitu kwenye njia ya kupita mmoja mmoja, ukiwa nyuma husikii chochote unaangalia kofia za wenzako. Tatu njia za kokoto, wenye mikongojo walibaki getini na hakuna aliyewaambia mapema, hilo liliniuma. Na kuna mtu, simtaji, anatembea na mkasi kwenye pochi anajikatia vitawi bila kuomba. Mwenye bustani alimwona akanyamaza, aibu tukaipata sote. Klabu iseme wazi, kukata bila ruhusa ni wizi, tena ukiomba wengi wanakupa.

Msimu ujao nimeshajiandikisha, ila vitalu na bustani ndogo tu. Vile vipandikizi nane nilivyochomeka jioni ile bila plastiki, saba vimeshika, cha nane paka kakilalia.