TAHADHARI KWA MAFUNDI: Kapasita za 450V unazopimiwa mbele ya macho yako na bado ni feki

Wakuu, kama kuna fundi anajiandaa kwenda Kariakoo kuchukua kapasita kubwa (vipuri vya kuhifadhi chaji) za mashine za kuchomelea, zile 470µF 450V, yaani mikrofaradi 470 za ujazo wa chaji na volti 450 za kuhimili, asome hii kwanza. Ukikutana na kaka mmoja mpole, anaongea taratibu, mezani ana kile kipima vipuri chenye kioo kidogo na soketi ya kijani, halafu akakuambia "fundi, mimi siuzi kitu bila kukipima", rudisha hela mfukoni uondoke. Huyo ni tapeli. Ushahidi ninao mezani kwangu, umepasuliwa katikati.

Nilizifunga kapasita za huyo mtu kwenye mashine ya kuchomelea ya mzee anayetengeneza mageti, moja ikapasuka kazini; wengi mmeshayasikia, siyarudii yote. Ila kuna watu wameanza kusema eti wakati wa kuzifunga niligeuza chanya na hasi. Sikugeuza. Kazi hii nimeianza enzi za TV za chogo, na alama ya hasi kwenye kapasita naiona hata umeme ukiwa umekatika. Nilichofanyiwa kingempata fundi yeyote humu, na naeleza kilivyokuwa ili muone.

Nilifika pale mchana, nikamwambia nataka nne. Hakunirukia na bei kama wengine. Aliniuliza mashine ni ya ampea ngapi, nikamwambia 200. Akaniuliza zile za zamani zilivimba au zilipasuka. Hilo ni swali la mtu aliyewahi kushika kazi, mchuuzi wa kawaida haulizi. Nikamjibu zilivimba kichwani. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Basi kaangalie na feni, fundi wangu. Feni ikisimama, kapasita zinapikika." Na kweli, feni ya ile mashine ilikuwa inagoma. Mtu hajaiona mashine na amekutajia ugonjwa wake. Ungefikiria nini?

Akatoa moja kwenye boksi. Kabla hajaigusisha kwenye kipimo, akachukua resista ya simenti, ile nyeupe, akaipachika kwenye miguu miwili ya kapasita na kuishikilia pale. Akaniambia kapasita yenye chaji inaua kipimo. Maneno ya kweli kabisa. Vile vipimo vidogo vimekufa vingi mikononi mwa mafundi wanaochomeka kapasita bila kumwaga chaji. Na wengi wetu tunamwaga kwa kushoti na bisibisi, cheche inaruka, maisha yanaendelea. Yeye alitumia resista, polepole, kama inavyofundishwa chuoni. Pale ndipo nilipomkabidhi imani yangu yote.

Miguu ya kapasita hizi ni mifupi na minene, haiingii kwenye soketi, kwa hiyo akachomeka waya zenye vibanio, akabana huku na huku, akabonyeza kitufe. Kioo kikakaa kidogo, kikachora alama ya kapasita, kikaandika 468µF na ESR (ukinzani wa ndani wa kapasita) om 0.15. Akakigeuza kioo upande wangu, akanyamaza. Hakusema "unaona?" wala nini. Akaniachia mwenyewe nisome. Kisha akanisogezea zilizobaki nipime kwa mkono wangu. Nikafanya zaidi ya hapo, nikatoa maltimita yangu (mita ya kupimia umeme) kwenye begi, nikaizungushia kwenye alama ya kapasita, nikapima zote nne. Zote zilicheza kwenye 470, juu kidogo au chini kidogo. Kapasita za aina hii zinaruhusiwa kupishana hadi asilimia 20, hizi hazikupishana hata kwa mbili. Lebo safi, kopo jeusi, maandishi meupe, 450V, 105°C.

Bei nayo haikuwa ya kutupa. Alianza na 18,000, tukamalizana kwa 15,000 kila moja. Angeniambia 5,000 ningeshtuka nikaondoka. Alijua. Bei ya kitu cha kweli ndiyo inayouza kitu cha uongo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo utapeli wenyewe ulipo. Kipimo chake hakikudanganya. Maltimita yangu haikudanganya. Ndani mle kulikuwa na 470µF kweli. Kilichokuwa uongo ni ile 450V, na hakuna kipimo cha mkononi kati ya hivi tunavyotembea navyo kinachoweza kukuambia volti ya kapasita. Kile chenye soketi ya kijani kinatumia betri ya volti 9, na chipu yake ndani inafanya kazi kwa volti 5. Kinaijaza kapasita kwa volti zisizozidi hizo, kinaangalia inajaa kwa muda gani, kisha kinapiga hesabu ya mikrofaradi. Maltimita nazo zinafanya kwa njia hiyo hiyo, kwa volti chache tu. Kapasita ya 16V, ya 250V na ya 450V, kama zote ni 470µF, kwenye kioo zitasoma sawasawa. Yule bwana anajua hilo kuliko mimi na wewe, ndiyo maana anakupimia kwa furaha.

Nikafunga kazi. Nikasafisha bodi, nikabadilisha na feni, nikawasha kwanza kupitia balbu iliyoungwa kwa mfululizo, kinga ya shoti, kama kawaida yangu. Balbu iliwaka ikafifia, ikabaki na mwanga hafifu, nikajua ni feni na saketi ndogo ya kuendeshea vinavuta. Sote tunajua inakuwa hivyo. Mzee akaja na kijana wake, wakalipa, wakabeba mashine.

Umeme wetu ni volti 230. Ukipita kwenye rektifaya (inayogeuza AC kuwa DC) ukajaa kwenye kapasita, unafika kama 325, na siku umeme unapopanda unafika 350. Ndiyo sababu waliotengeneza mashine hizi waliweka kapasita za 400 au 450. Sasa chukua kapasita ya 250V uiweke pale. Haifi palepale. Inavujisha umeme, inapata joto ndani kwa ndani, na mashine inachomelea vizuri tu huku ikiwa inachemka.

Ilipasuka wakiwa katikati ya geti. Kopo zima lilifumuka, likagonga bati la juu la mashine likalikunja. Kijana alikuwa ameinama hapo hapo kuongeza ampea, na kilichomwokoa macho ni kofia ya kuchomelea ambayo alikuwa hajaivua. Mvuke wa ile dawa ya ndani ulimpitia shingoni. IGBT (transista kubwa za mashine) zikaondoka, rektifaya ikaondoka. Mzee alinipigia simu na sauti yake sitaisahau, hakutukana, aliniuliza tu, "Fundi, ulitaka kuniulia mtoto?" Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba fundi fulani ameua mashine. Jina langu lilichukua miaka kulijenga, na mtu mmoja mwenye kipimo cha betri amelichafua kwa kapasita nne.

Niliporudisha ile mashine mezani, nikachukua moja ambayo haikupasuka, nikaikata kopo kwa msumeno. Ndani ya kopo la upana wa milimita 35 kulikuwa na kapasita nyingine nzima, nyembamba, na ganda lake la plastiki na maandishi yake: 470µF 250V. Miguu yake imelehemiwa kwenye vibati vya miguu ya nje. Nafasi iliyobaki imejazwa gundi na karatasi. Nikakata ya pili, vile vile. Nilikaa nazitazama nikiwa natetemeka kwa hasira. Kuna mtu alikaa chini akaifanya kazi hii, akalehemu, akaziba, akavalisha ganda jipya, akijua inakwenda kuwekwa kwenye mashine ambayo binadamu anaishika kwa mikono miwili. Na kwa sababu ile ndogo imefungiwa ndani ya kubwa, mvuke wake hauna pa kutokea. Kapasita halali kwa kawaida ina alama za kukatwa kichwani, au tundu chini, ili ikizidiwa ifunguke pale na kupumua. Hii inageuka bomu.

Nilirudi kwake na vipande kwenye mfuko. Mnajua alisemaje? "Fundi, si tulipima wote hapa? Na ulipima na mita yako." Mbele ya wateja wake, tena kwa upole uleule. Nikamwonyesha kapasita ya ndani, akasema hiyo nimeichomeka mwenyewe ili nimdai. Nikamwambia basi fungua nyingine hapa mbele ya watu, toa boksini tukate. Akakataa. Akasema mzigo si wake, ni wa bosi. Nilipokuja na mwenzangu mara nyingine, meza ilikuwa na mtu mwingine anayeuza chaja za simu, na simu ya yule tapeli haipokelewi tena. Jina na namba siweki hapa kwa sababu nimeshaandikisha maelezo polisi na nimeambiwa nitulie kwanza.

Na kuna kapasita ndogo nazo. Alinijazia mfuko wa 1000µF 25V akaniambia "hizi hazina shida", hakuzipima. Mikrofaradi zipo, nyingi zinasoma 900 na zaidi. Lakini kwenye kipimo cha ESR kuna zilizozidi om 3. Kapasita mpya ya saizi hiyo, ya kutumika kwenye pawasaplai, inatakiwa iwe chini ya robo om, na zile nzuri ziko chini ya 0.1. Hizi ni za kung'oa kwenye bodi za taka, zimevalishwa ganda jipya na miguu imepakwa risasi upya. Ukizitazama miguu kwa lenzi unaona mikwaruzo. Ukikutana na kapasita "mpya" yenye miguu mifupi na yenye mikwaruzo, huenda imeshafanya kazi mahali.

Mtaniuliza mtazijuaje zile kubwa. Uzito. Hicho ndicho cha kwanza. Beba kapasita halali ya zamani, hata iliyokufa, yenye ukubwa uleule, shika moja kila mkono. Ya kweli imejaa mkanda wa aluminiamu hadi ukutani, ni nzito. Hizi ni nyepesi, na moja kati ya zangu ukiitikisa karibu na sikio kuna kitu kinagonga. Angalia kichwa kama kina zile alama za kupumulia, au kama chini pana pa kupumulia. Zangu hazikuwa na kitu juu wala chini, na nilidhani ni toleo la kampuni hiyo. Ganda la plastiki likizunguka ukilisukuma kwa kidole, achana nayo. Na kwa wenye karakana: pawasaplai ya DC inayopanda taratibu, resista kubwa ya kama kilo-om 100 katikati, maltimita kwenye miguu ya kapasita, na funika kwa ndoo au boksi la mbao, usiweke uso wako pale. Inatakiwa ipande hadi karibu na volti iliyoandikwa na uvujaji ushuke kadiri muda unavyokwenda. Zangu zilipita 250 kidogo zikagoma kupanda, mkondo ukabaki juu. Ukimaliza, mwaga chaji kwa resista. Hiyo ndiyo njia ya kuipima volti, na muuzaji hawezi kukufanyia mezani hata angetaka.

Lakini mimi kwa kweli sitaki tuishie kwenye kufundishana kupima. Hawa watu wakamatwe. Siyo yule wa mezani peke yake, na bosi wake aliyeleta mzigo. Bidhaa bandia ni kosa hapa Tanzania tangu Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na FCC (Tume ya Ushindani) wana mamlaka ya kuingia dukani, kukamata na kuteketeza. Kila mara tunaona wanateketeza wino wa printa, betri, nguo. Waje na kwenye vipuri vya elektroniki. Nataka nione hayo makopo yanasagwa na yule bwana amesimama pale anaangalia, na kabla ya hapo alipe mashine ya mzee, IGBT, rektifaya, na hospitali ya kijana. Faini ya kumwacha arudi mezani kesho haitoshi. Mtu anayeandika 450 juu ya 250 akijua kitakachotokea hana tofauti na anayekata breki za gari la mwenzake, na jela ndiyo stahili yake.

Naomba pia wale wauzaji waaminifu, maana wapo na tunawajua, wasikasirike. Toeni risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye jina la kipuri na volti zake, siyo "vifaa vya umeme" halafu nukta. Mimi aliniandikia kikaratasi cha mkono, na afisa alipokiona alinitazama tu.

Kama ulinunua kwa huyu mtu mwaka huu na umeshafunga kwenye mashine ya mteja, mpigie mteja leo azime mashine. Usisubiri. Zilizobaki usizitupe wala usizikate zote, bakiza angalau moja nzima na uandike tarehe uliyonunua, pamoja na ujumbe wa malipo ya simu. Nicheki inbox. Tukiwa mafundi kadhaa wenye vielelezo vya aina moja, tunakwenda kituoni na FCC kwa pamoja, na safari hii hatasema tumejichomekea wenyewe.